Kwa Nini Olkaria Hunguruma Mitambo Inapozimwa

Wakaazi wa Olkaria, Kongoni, Kamere na Maiella wanaijua sauti hii kuliko mtu yeyote. Mchana umetulia, mara ngurumo inaanza upande wa vilima, wingu jeupe linapanda juu, na kelele hazikomi kwa saa nzima au hata zaidi. Wageni waliokuja kutembea katika Mbuga ya Hell's Gate hushtuka na kudhani volkano imeamka. Muda si muda, picha ya wingu hilo inazunguka kwenye simu ikiwa na maelezo kwamba kisima kimelipuka.

Mara nyingi hakuna kilicholipuka. Kilichotokea ni kwamba turbini moja imezimwa. Ndipo watu huuliza, na wana haki ya kuuliza: ikiwa mtambo umezimwa, mbona kelele ndiyo kwanza zimeanza? Jibu la swali hilo linaeleza pia jambo lingine linalowaudhi wengi, yaani kwa nini stima ikipotea nchi nzima, Olkaria hairejeshwi kwa kubonyeza kidude kama taa ya sebuleni.

Tuseme mapema kwamba uendeshaji wa mitambo hii si kazi ya Serikali ya Kaunti. Sehemu kubwa ya mitambo ya Olkaria inaendeshwa na KenGen. Hata hivyo, Katiba kupitia Jedwali la Nne inaipa kaunti jukumu la zimamoto na kukabiliana na majanga, na wanaoishi, kulima na kulisha mifugo kando ya mabomba haya ni wakaazi wetu. Wanafaa kujua kinachoendelea ng'ambo ya ua.

Chungu kilicho chini ya ardhi

Turbini ya kwanza ya Olkaria I ilianza kazi mwaka 1981 ikitoa megawati 15. Ya pili ilifuata 1982 na ya tatu 1985. Baadaye zikaja Olkaria II mwaka 2003, Olkaria IV mwaka 2014 na Olkaria V mwaka 2019. Leo kawi ya mvuke ndiyo inayotoa sehemu kubwa zaidi ya umeme unaotumika Kenya kuliko maji, upepo au dizeli.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Kisima kinachimbwa, vingine vikifika kina cha kilomita 3, mpaka kwenye mawe yenye joto kali. Mvuke uliochanganyika na maji moto unapanda juu, maji yanatengwa, na mvuke unapelekwa kwa mabomba hadi kwenye turbini. Humo ndani unagonga mapanga yaliyofungwa kwenye mhimili mzito wa chuma, mhimili unazunguka, na jenereta iliyounganishwa nao inatoa umeme. (Baadhi ya mitambo ya Olkaria III inatumia mbinu tofauti: joto la mvuke linachemsha kiowevu kingine ambacho ndicho kinachozungusha turbini. Hapa tunazungumzia turbini zinazozungushwa na mvuke wenyewe.)

Katika mtambo wa makaa ya mawe, kama ile mingi ya Afrika Kusini, ukitaka kuzima unapunguza moto chini ya boila na mvuke unapungua. Olkaria haina moto wa kupunguza. Chungu kiko tumboni mwa ardhi na kinaendelea kuchemka hata turbini ikisimama.

Je, si kisima kifungwe tu? Kinaweza kufungwa, lakini si kwa haraka. Mabomba ya chuma yaliyomo ndani ya kisima yametanuka kwa joto na yameshikiliwa kwa saruji. Yakipoa ghafla yananywea, saruji inapasuka, na kisima kilichogharimu mamilioni ya pesa kinaweza kuharibika kabisa. Zaidi ya hayo, gesi hujikusanya kichwani mwa kisima kilichofungwa na kuongeza shinikizo. Kwa hivyo mvuke ambao turbini haiuhitaji tena unaelekezwa kwenye vituo vya kuutolea hewani. Unapitishwa katika minara mipana au mashimo yaliyojazwa mawe ili upungue kasi kabla ya kutoka. Bila hatua hiyo kelele zingekuwa mbaya zaidi mara nyingi. Ngurumo mnayoisikia ni ile iliyobaki.

Hakuna anayefurahia hali hiyo. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema mrabaha wa kawi ya mvuke ugawanywe ili asilimia 20 iende kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali husika, na mrabaha huo hutokana na thamani ya kawi inayozalishwa. Mvuke unaopulizwa juu hauzalishi kitu.

Kwanza mvuke, halafu swichi

Sasa tuingie ndani ya jumba la mitambo, maana hatari kubwa zaidi iko huko.

Turbini za mvuke za Olkaria huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde. Idadi hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ndiyo inayotoa umeme wa mapigo 50 kwa sekunde tunaoutumia majumbani. Chukua gurudumu lenye upana wa mita 2 ulizungushe kwa kasi hiyo: ukingo wake utakuwa ukienda zaidi ya kilomita 1,100 kwa saa. Hayo ndiyo maisha ya kawaida ya mapanga ya turbini, mchana na usiku.

Kinachoizuia turbini isizidishe kasi hiyo ni mzigo. Jenereta imeunganishwa na gridi ya taifa, na kila kiwanda, kila friji na kila posho mili inayovuta umeme ni kama breki inayoshikilia mhimili. Fikiria lori lililojaa shehena likipanda barabara ya Mai Mahiu. Dereva amekanyaga mafuta mpaka chini, na injini inafanya kazi kwa taabu. Ghafla akanyage klachi bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Injini itapiga yowe. Turbini iliyotenganishwa na gridi huku mvuke ukiendelea kuingia itafanya vivyo hivyo, ila yenyewe ina tani nyingi za chuma kinachozunguka, na sekunde chache tu zinatosha kuiharibu.

Ndiyo maana utaratibu wa kuzima una mpangilio usiobadilishwa. Kituo cha kitaifa cha kudhibiti umeme kilichoko Nairobi kinaarifiwa kwanza, ili mitambo mingine ijiandae kubeba mzigo. Wahudumu wanapunguza mvuke hatua kwa hatua, huku ule unaozidi ukielekezwa nje. (Hapo ndipo nyinyi huanza kusikia ngurumo.) Umeme unaotolewa ukikaribia sufuri, vali kuu za mvuke zinafungwa kabisa.

Hapo kuna jambo ambalo mtu asiyejua angeliruka. Vali zikishafungwa, swichi kuu inayounganisha jenereta na gridi haizimwi papo hapo. Wahudumu wanatazama mita kwanza. Wanangoja waone kwamba jenereta imeacha kutoa umeme na badala yake imeanza kuvuta kidogo kutoka kwenye gridi. Hiyo ndiyo thibitisho kwamba hakuna mvuke unaousukuma mhimili. Ni baada ya kuona hivyo tu ndipo swichi inapozimwa.

Kwa nini wasiamini taa inayoonyesha kwamba vali imefungwa? Kwa sababu mvuke wa ardhini si safi kama wa boila. Unabeba silika na chumvi, nazo huganda kwenye vali kama ukoko unaoonekana ndani ya birika la chai. Vali iliyoshika ukoko inaweza kukwama ikiwa wazi kidogo, na hicho kidogo kinatosha kuirusha kasi turbini isiyo na mzigo. Ndiyo maana pia vali hizi huchezeshwa mara kwa mara hata wakati mtambo unafanya kazi vizuri, kuhakikisha hazijashika.

Kinachotokea kasi ikizidi si jambo la kubuni. Mnamo Februari 2011, katika kituo cha Duvha mkoani Mpumalanga, Afrika Kusini, turbini ya mtambo nambari 4 ilizidi kasi yake wakati wa kujaribu ule ulinzi uliowekwa kuzuia kasi isizidi. Iliharibika vibaya mno, na ukarabati wake ulichukua zaidi ya mwaka mzima. Mtambo huo ulikuwa wa megawati 600 hivi, mkubwa kuliko turbini yoyote ya Olkaria, lakini kanuni ni ile ile. Kasi ikiongezeka kwa asilimia 10, nguvu inayotaka kuyang'oa mapanga kutoka kwenye mhimili inaongezeka kwa takriban asilimia 21.

Wakati gridi ndiyo inayoanguka

Kuzima kwa mpango ni raha. Shida ni pale ambapo hakuna aliyepanga. Wengi wenu mnakumbuka Juni 7, 2016, tumbili alipoangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na kuiangusha. Mitambo ya hapo ikazidiwa na kujizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mpigo, na nchi nzima ikaingia gizani. Watu walicheka sana mitandaoni, na tumbili alinusurika. Kwa wahudumu wa mitambo kote nchini hakukuwa na kicheko. Katika hali kama hiyo, turbini iliyo mamia ya kilomita kutoka Gitaru inapoteza mzigo wake bila onyo.

Hapo hakuna muda wa kupiga simu Nairobi. Vifaa vya ulinzi vinaamua vyenyewe: kasi ikifika kiwango kilichowekwa, kwa kawaida asilimia 10 juu ya ile ya kawaida, yaani mizunguko 3,300 kwa dakika, vali za dharura zinajifunga kwa nguvu ya springi katika muda usiozidi kupepesa jicho mara chache. Mvuke wote uliokuwa ukienda kwenye turbini unatoka nje kwa pamoja. Hiyo ndiyo ile ngurumo inayoanza kwa kishindo usiku wa manane, tofauti na ile ya kuzima kwa mpango, inayopanda polepole.

Lakini bado turbini haijasimama. Bila mvuke na bila breki, mhimili utaendelea kuzunguka kwa nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi, na katika muda huo wote umelala juu ya utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele. Beringi zinazoubeba zimetandikwa madini laini ambayo huyeyuka mapema sana kuliko chuma. Mafuta yakikatika hata kwa muda mfupi wakati mhimili una kasi, beringi zinaungua, mhimili unakwaruzwa, na mtambo ambao ungerudi kazini kesho yake unakaa bure kwa miezi.

Sasa jiulize: pampu za mafuta zinaendeshwa na nini ikiwa stima imepotea nchi nzima? Jibu ni betri. Katika kila jumba la turbini kuna chumba kilichojaa betri, na kazi yake kubwa ni kuendesha pampu ya mwisho ya mafuta mpaka mhimili usimame. Betri hizo hukaa miaka zikingoja dakika kama hizo. Kwa maoni yangu, hakuna chombo kinachofaa kukaguliwa kwa bidii zaidi, ingawa mgeni akitembezwa humo hatakitazama mara mbili.

Mhimili unapopunguza kasi, kuna viwango vya mizunguko ambapo hutetemeka kwa nguvu, kama gari lenye gurudumu lisilosawazishwa likifika kasi fulani. Wahudumu hufuatilia mtetemo huo kwenye skrini. Ukizidi kuliko mara zilizopita, wanajua kuna panga lililopata kasoro au ukoko ulioganda upande mmoja. Mafundi hupata habari nyingi za afya ya turbini wakati wa kuizima kuliko wakati inafanya kazi.

Kuzungusha kilichosimama

Mhimili ukisimama, mtu angedhani kazi imekwisha. Bado una joto. Ndani ya ganda la turbini hewa moto hupanda juu na ya baridi hushuka, kwa hivyo upande wa juu wa mhimili unabaki na joto kuliko wa chini. Chuma chenye joto hutanuka. Mhimili mrefu wa tani nyingi, ukiachwa hivyo, unapinda. Ni kupinda kidogo sana, jicho halioni, ila nafasi kati ya mapanga na ganda nayo ni ndogo. Ukiwashwa ukiwa hivyo, chuma kitasugua chuma.

Dawa yake ni kama ya mtu anayechoma mbuzi mzima: geuza. Mota ndogo inauzungusha mhimili polepole, mizunguko michache tu kwa dakika, mpaka joto lisambae sawasawa. Kwenye mitambo ya makaa ya mawe, ambako mvuke hufika nyuzi 540 za joto, kazi hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa. Mvuke unaoingia kwenye turbini nyingi za Olkaria uko karibu na nyuzi 150, hivyo muda ni mfupi zaidi, lakini hauwezi kurukwa. Mafuta nayo huendelea kupita kwenye beringi muda wote huo.

Gesi inayobaki

Mvuke wa ardhini huja na gesi, nyingi ikiwa kaboni dioksidi, pamoja na haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai yaliyooza. Mtambo ukifanya kazi, gesi hizi hunyonywa na kutolewa juu. Ukizimwa, zinaweza kubaki katika tangi linalopoza mvuke, kwenye mabomba na mitaro, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, zinatulia chini.

Haidrojeni salfaidi ina hila moja mbaya. Ikiwa kidogo, pua inaigundua mara moja. Ikifika karibu sehemu 100 katika milioni, pua inakufa ganzi na harufu inapotea. Mtu anadhani hatari imeondoka, kumbe imeongezeka. Kwa hivyo hakuna fundi anayeruhusiwa kuingia kwa kutegemea pua. Hewa inapulizwa ndani, kipimo kinachukuliwa, na mwenzake anabaki mlangoni.

Pia kuna kufuli. Kila vali inayoweza kuleta mvuke na kila swichi inayoweza kuwasha kitu inafungwa kwa kufuli, na fundi aliyeingia ndani anabaki na ufunguo mfukoni mwake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kazi za hatari kama hizi zifanywe kwa kibali cha maandishi. Vijana wetu wanaoajiriwa vibarua wakati wa ukarabati wakumbuke hili: ukiambiwa uingie ndani ya tangi au bomba bila kibali, bila kipimo cha hewa na bila kufuli, una haki ya kukataa.

Kwa nini stima hukawia kurudi

Kituo cha Olkaria chenyewe kinahitaji umeme ili kianze: pampu za maji ya kupoza, feni, pampu za mafuta. Gridi ikiwa imekufa kabisa, kwa kawaida umeme wa kwanza hutoka kwenye mabwawa, kwa sababu mtambo wa maji unahitaji kidogo sana kuanza. Umeme huo unasafirishwa hadi vituo vingine ili navyo viamke. Wahudumu wakague beringi, wapashe mabomba joto taratibu ili maji yaliyoganda ndani yasirushwe kama nyundo kwenye mapanga, waongeze kasi kidogo kidogo, kisha walinganishe mapigo ya jenereta na ya gridi kabla ya kufunga swichi. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipokosa umeme, saa nyingi za kungoja zilikwenda katika kazi za aina hii.

Kwa wakaazi walio karibu

Ngurumo ikianza, kaa mbali na vituo vya kutolea mvuke. Matone yanayoanguka karibu navyo ni ya moto na yana chumvi, na wingu linaweza kuficha njia. Wafugaji wasiwapeleke ng'ombe kwenye mabonde yaliyo chini ya vituo hivyo siku isiyo na upepo. Hapo ndipo gesi nzito hukusanyika. Watoto wasitumwe kuoga wala kufua kwenye madimbwi ya maji moto yaliyo kando ya mabomba, hata kama yalikuwa vuguvugu jana.

Mkinusa harufu ya mayai yaliyooza ikiwa kali ghafla, ondokeni kuelekea upande upepo unakotoka, na mpande juu badala ya kushuka. Mtu akianguka ndani ya shimo, tangi au mtaro wenye gesi, usimfuate bila kifaa cha kupumulia, hata kama ni ndugu yako, kwa sababu mara nyingi anayemfuata huwa maiti wa pili. Onyo hili linahusu pia mashimo ya vyoo na visima vya maji vya nyumbani. Pigeni 999 au 112, mseme mahali hasa mlipo na upande ambao upepo unavuma.